Mshahara wa Kukataa

Jumatano, Bukoto

Ndugu makomredi! Hivyo ndivyo nilivyokusudia kuanza hotuba ya Ijumaa, nikiwa na orodha ya mishahara ya maofisa wanaopanga safari za ndege. Mashirika makubwa ya nje humlipa ofisa huyo zaidi ya maradufu ya anavyolipwa kaka yangu Opio kwa kazi ileile: kukagua hali ya hewa, mafuta na uzito, kisha kutia saini kwamba ndege iruke. Jioni nilimwonyesha orodha, nikitarajia hasira. Akacheka.

“Msomi, umepiga hesabu ya nini? Huko wanalipa mtu aweze kusema hapana. Hapa mimi nikisema hapana, mshahara yangu itachukuliwa na mjane yangu.”

Ndipo aliponieleza. Kesho wanajeshi watapakia shehena inayozidi uzito unaoruhusiwa. Rubani amekwisha kukubali, kwa woga. Imebaki saini ya Opio.

Nilimsihi akatae. Nilimsihi kwa ufasaha wote niliopewa na chuo kikuu, mpaka akaniuliza taratibu, “Watoto yangu utalea wewe?”

Mimi, ninayewataka wafanyakazi wa nchi nzima wasimame…

Orodha nimeichoma. Kama zingesomwa Ijumaa, tarakimu zile, na mshahara wake ukiwemo, zingemfichua Opio upesi kuliko jina lake.

Ndege itaruka saa moja asubuhi. Sisi makomredi tutakutana Ijumaa, saa kumi jioni, nyuma ya maktaba, na ikiwa Opio atakuwa ametia saini, sitamhukumu mbele ya yeyote.