Anwani Niliyoibuni

Jumatano. Tangu asubuhi mawingu yamejazana upande wa ziwa na hayanyeshi. Joto limekaa ndani ya hii saiba yangu ya Katito, kompyuta tatu za mtandao na mashine ya kopi, kama mgeni asiyejua kuaga.

Niseme ukweli hapa, maana kwingine nimeuficha miezi minne.

Mama Apiyo, anayeuza dagaa wa omena hapa sokoni, alikuja nimjazie fomu ya hospitali moja ya Kisumu. Kuna madaktari wa moyo watakuja kutoka nje, na binti yake Apiyo, miaka tisa, hafiki shuleni bila kukaa chini njiani apumue. Fomu ilitaka anwani ya barua pepe. Mama Apiyo hana. Kumfungulia kungechukua dakika kumi, na foleni ilikuwa imefika mlangoni. Basi nikaunganisha majina yake mawili na tarakimu tatu zilizonijia kichwani. Fomu ikakubali. Nikamwambia, "Tumemaliza, Mama."

Sisi watu wa saiba ndivyo tulivyo. Fomu ikikataa kwenda mbele, unaijaza chochote ili ipite.

Kila siku ya soko alipita kuuliza kama barua imefika. Nilikuwa nabonyezabonyeza kompyuta kidogo, kisha namwambia bado. Sikuwa na pa kuangalia. Naona aibu hata kuandika hivi.

Leo mwalimu mmoja mstaafu amekuja kuchapisha barua yake kutoka hospitali hiyohiyo. Amepewa tarehe ya upasuaji, na anatakiwa kujibu kabla ya kesho saa sita mchana, la sivyo nafasi yake inapewa mwingine. Nikamuuliza ilitumwa lini.

"Wiki jana. Waliwatumia watu wote pamoja."

Alipotoka tu nikatuma ujumbe kwa ile anwani niliyoibuni, nikiomba Mungu urudi. Anwani isipokuwepo, ujumbe humrudia aliyeutuma. Hapo hospitali nao wangekuwa wamejua barua yao haikufika, na wangempigia Mama Apiyo simu. Nikakodolea macho kioo cha kompyuta. Nikamtolea mtu kopi ya kitambulisho, nikarudi, nikafungua tena.

Haukurudi.

Maana yake anwani ni ya kweli. Ina mwenyewe mahali fulani, mtu nisiyemjua, ambaye alipokea tarehe ya upasuaji wa Apiyo na pengine akaifuta akidhani ni matapeli. Nimemwandikia mara tatu. Kimya.

Nikapiga simu hospitali. "Madam, kwetu hiyo imeli ilifika," dada wa mapokezi akasema. "Hajajibu, kwa hivyo tunajua hataki." Nikamsihi. "Basi akuje mwenyewe na ID kesho kabla ya saa sita. Kwa simu siwezi kukusaidia."

Kabla ya kumpigia Mama Apiyo nilitafuta uongo mwepesi. Mtandao ulisumbua. Hospitali ilikosea. Yote yalikuwa tayari mdomoni, na nilijiogopa kwa jinsi yalivyonijia haraka. Aliposhika simu nikamwambia yote, hata zile siku za soko.

Nyuma yake nilisikia watu wakibishana bei.

"Nyara," akasema mwishowe. Bado aliniita binti yake, kwa Kijaluo. "Kesho utafunga hiyo saiba. Utanipeleka mpaka kwa huyo mtu wa hospitali, umwambie vile umeniambia mimi. Hayo mengine tutaongea tukirudi."

Hakupaza sauti. Afadhali angenitukana.

Tunaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Nimeshabandika karatasi mlangoni kwamba kesho sifungui. Kwenda sina wasiwasi nako. Nitapiga magoti mbele ya yeyote watakayenionyesha. Lakini ile safari ya kurudi Katito, tumeipata nafasi au tumeikosa, nimekaa ubavuni mwake njia nzima, nitamwangalia vipi?