Salamu kwenye chumba kitupu

Jumanne, baada ya Isha

Bado inaniudhi ile picha ya darubini. Mwanga wa galaksi ya mbali umepinda kama mundu, na pale penye uzito unaoupinda hapaonekani kitu. Kuichunguza maada ya giza, ile isiyotoa mwanga wala kuonekana, ndiyo kazi yangu, lakini leo imenitia baridi.

Nilimwonesha mama.

"Mnajuaje kama kipo, nacho hakionekani?"

"Kwa vile kinavyovivuta vinavyoonekana, mama."

Akapanda juu, chumbani kwa marehemu baba. Mlangoni akatoa salamu, kama kawaida yake, na mle hamna mtu. Mimi humcheka.

Sasa hivi nimepanda kuzima taa ya chumba kile. Madirisha yamefungwa, feni haizunguki, na pazia limevutika lote kuelekea kitandani.

Nikasema, "Assalaam alaykum," nikashuka mbio, nisije nikasikia jibu.