Mwalimu Aliyeigizwa Ghorofani

4 Machi

Dada mpendwa,

Kabla ya salamu nakuomba barua hii uisome peke yako, na usimtajie mtu neno lake hata moja, hata shemeji. Bado niko kwenye kipindi cha majaribio kazini, na hapa hakuna anayejua kwamba sisi ni ndugu. Baada ya hayo, shikamoo. Bega limepoa? Mimi ni mzima, ila usingizi sipati.

Ni juu ya ile kozi. Jina lako limepita. Kati ya walimu wa ufundi walioomba kujifunza kufundisha utengenezaji wa michezo ya simu, ile isiyomwacha mlemavu nje na inayochezeka kwenye simu kuukuu ili zisitupwe, wewe umekuwa wa kwanza. Usifurahi bado. Darasa wameliweka ghorofa ya pili, na jengo halina lifti. Nilimkumbusha mkuu wetu, tunayemwita Bwana Taratibu, kwamba mwalimu mmoja anatumia kiti cha magurudumu. Akajibu bila kuinua macho: "Walinzi watambeba. Mpiga picha awepo."

Ukumbi wa chini upo, lakini umejaa viti vipya vingali na nailoni, vinasubiri wageni watakaokuja kuitazama kozi. Nifanye nini?

Mdogo wako

7 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Bega linauma kama desturi yake, shemeji yako mzima na hajaambiwa kitu. Kula vizuri, usije ukakonda kwa sababu ya ngazi.

Sibebwi. Mimi si kabati la kupandishwa huku watu wanaelekezana, "Pinda kushoto, angalia ukuta." Na kozi naitaka. Wanafunzi wangu wa umeme tayari wanatengeneza michezo kwa simu nilizozifufua mwenyewe, lakini nisipopata cheti, muhula ujao anapewa mwalimu mwingine somo hilo. Mwambie huyo Taratibu wako ahamishe viti. Viti haviumwi mgongo.

Dada yako

15 Machi

Dada,

Shikamoo. Natumai mnaendelea vizuri nyote. Huku afya ipo, amani haipo.

Nilimwambia. Akasema kuna taratibu. Kozi imeanza jana bila wewe, na sijui nikueleze vipi bila kukukasirisha. Somo la kwanza lilihusu mchezaji anayesahauliwa. Mkufunzi akasema kila mchezo ujaribiwe na mtu ambaye kwa kawaida huachwa nje. Wakatazamana. Basi mwalimu wa useremala akavuta kiti cha ofisi chenye magurudumu, akakalia, wakambandika jina lako kifuani. Akacheza kidogo, akatangaza kwamba mchezo ni mwepesi kabisa. Makofi. Mimi ndiye niliyeagizwa kupiga picha. Nilizipiga bila kutazama, zote zimetoka na ukungu.

Mdogo wako

18 Machi

Mdogo wangu,

Huku wazima. Yako nimeisoma mara mbili nikidhani uliiandika ukiwa na homa.

Muulize huyo seremala, alipobanwa na haja, alishuka ngazi akiwa bado ni mimi? Na mchezo wa simu huchezwa kwa vidole, miguu yangu imeingiaje humo? Wangemtafuta asiyeona, asiyesikia, mwenye simu ya kioo kilichopasuka.

Jumatatu naja. Nitakaa hapo chini mlangoni na sibanduki. Ufunguo wa ukumbi unao wewe. Sikulazimishi, kazi ni yako na woga ni wako. Ila usiniandikie tena kuniuliza ufanye nini.

Dada yako

2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima, na safari hii nalala.

Najua umekuwa ukiniulizia kwenye dirisha la ofisi yangu na unaambiwa niko likizo. Siko likizo. Jumatatu ile ukumbi niliufungua mimi kabla watu hawajafika, nikavivua viti nailoni, nikajificha stoo. Niliwasikia walimu waliokwisha kupanda wakishuka kukufuata. Nilikusikia ukimwambia seremala, "Karibu bwana, sasa nirudishie jina langu," na yeye akicheka kwa aibu.

Ulipoondoka, Bwana Taratibu alimkamata mlinzi akidhani ndiye aliyefungua, akataka kumfukuza. Nikasema ni mimi. Nilisema kwa sauti ndogo, ikabidi nirudie. Akauliza kwa nini. Nikasema mwalimu wa umeme ni dada yangu. Akasema hilo nalo lina taratibu zake, na jioni nikakabidhi ufunguo pamoja na kazi. Lakini mlinzi ameniambia kwamba wageni walipokuja wakawakuta mko ukumbini, walimsifu yeye kwa kuhamishia darasa chini, naye akazipokea sifa. Kwa hiyo hawezi kuwarudisha juu. Usigombane naye kwa ajili yangu. Nyamaza mpaka cheti kiwe mkononi.

Usipige namba yangu, ilikuwa ya ofisi. Nimepata kibarua cha kuandika risiti kwenye duka la rangi, na chumba nyuma yake. Ukifika usipite mbele, kuna mtaro. Zunguka upande wa posta, njia ni tambarare mpaka mlangoni. Mlango nimeupima, kiti chako kinapita. Kizingiti nimeking'oa jana. Mwenye nyumba hajui, kwa hiyo na hilo libaki kati yetu.

Mdogo wako