Ndugu Yako Hawezi Kuacha Hita

Barasa baba yangu,

Kabla ya kitu yoyote, mmeamkaje huko Kayole? Kifua ya mjukuu wangu Shantel imeachilia? Na maji imerudi kwa ploti, ama mama yake bado anavuka Spine Road na mitungi? Mimi niko. Magoti inalia kama mlango mzee, lakini niko. Anayeniandikia ni Mama Faith, bibi ya ndugu yako. Nimemwambia aandike vile nasema, asinipambie. Anacheka. Andika, mama, hiyo pia andika.

Ile sauti ulituma kwa simu nimeisikiza mpaka mwisho. Ulisema, "Mwambie Wekesa kama hataki nijenge aseme waziwazi. Mimi nazeekea kwa nyumba ya kulipia, na shamba ya baba inaota nyasi." Haki nililia. Una haki ya kukasirika. Kwetu mdogo hasimamishi nyumba kabla ya mkubwa, na huyu mkubwa kila Desemba anakuja, anakuja, hakuna. Sasa nakuambia mapema usikie kwangu, si kwa watu: hata hii Desemba hakuji. Lakini ngoja, usitupe barua.

Mimi pia nilikuwa na hasira. Nilikuwa nauliza, kazi gani hii ya kuosha magari mtu hawezi kufunga akaenda kwao? Si huko kwetu vijana wa kawashi wanafunga mashini na mnyororo, wanaenda matanga hata wiki mzima? Nikamwambia Wekesa, "Hiyo hita ya kazini ndiyo bibi yako mkubwa. Huyu Mama Faith alikuja wa pili." Akavaa koti akaenda kazi.

Wacha nikueleze vile iko. Huku Kanada magari inaoshwa ndani ya chumba, na mlango inashuka kutoka juu. Kwa paa wametundika hita ndefu kama benchi ya kanisa, inachoma gesi, unaona moto nyekundu. Siku ya kwanza nilikataa kuingia. Nilikumbuka yule mama wa ploti yetu, Mungu amrehemu, alilala na jiko ya makaa dirisha imefungwa, hakuamka. Maskini, na alikuwa anapika chapati yule! Basi nikapandisha mlango hewa iingie. Wekesa akapiga kelele, "Mama! Funga! Funga!" Mimi nikafikiri ni moto imeshika. Kumbe anaogopa baridi. Moshi ya hita iko na paipu yake, inatoka nje.

Hata chini ya simiti wameweka paipu ya maji moto, ndio sakafu isigande watu waanguke. Na ule mpira wa kuosha haufungwi kabisa, unaachwa ukidondoka mchana kutwa. Nikasema, hii ni dhambi, mtu wa Kayole akiona hivi atalia. Wekesa akaniambia, "Mama, huku maji ikilala inakuwa jiwe. Na hiyo jiwe inapasua chuma." Mimi nikaona ni maneno ya mtu hataki kwenda kwao.

Basi akaomba ruhusa ya kuja nyumbani hii Desemba, mwenye kazi akakubali. Mwenzake mmoja, mtu mzima anaitwa Doni, akafundishwa kuangalia hita. Tukafunga mizigo. Nilikuwa nimemtafutia Shantel sweta ya... Mama Faith anasema nimetoka kwa njia. Ni kweli. Siku ile Doni aliachwa peke yake kujaribiwa, lori ndefu iliingia, mkia ikabaki nje, mlango ikakataa kushuka. Doni akaona ni kitu ya kidogo tu, akaenda kula. Upepo ikaingia, hita ikazima.

Sisi tulikuwa tunatoka kuonyesha daktari hii magoti yangu. Simu ikalia, tukaenda moja kwa moja. Barasa, niliona mambo. Pampu imepasuka kama nyungu. Maji inatoka kwa ukuta, inaganda ikianguka. Ndugu yako akalala chini kwa hiyo barafu, anafunga paipu na matambara ya maji moto vile mtu anafunga mguu ya mtoto. Mikono ikakuwa nyeupe kama unga. Nikamwambia, "Wacha, baba, si yako." Akasema, "Mama, unafikiri mimi sitaki kwetu?" Basi. Hiyo tu.

Mwenye kazi akaja akaangalia. Akasema mpaka baridi iishe Wekesa haendi popote, na akienda asirudi. Wekesa hakunieleza. Ni huyu anayeandika alinieleza.

Nimechoka kuwa katikati yenu. Nikapigia baba yenu mdogo simu. Akaniambia, "Shemeji, mila ni mila." Nikamwambia, "Mila iliwekwa na watu ambao ndugu yao alikuwa ng'ambo ya mto, unaita anaitika." Akacheka. Akasema zamani mtu akipotelea kazi ya mbali, ndugu walimsimamishia nyumba yake kwanza, nguo yake ikalala ndani. Asubuhi mdogo anachimba msingi yake, na hakuna mtu wa kuuliza.

Sasa fanya hivyo. Kuna mama wa kanisa anakuja Nairobi, anakuletea koti ya Wekesa ya kazi, hiyo ndiyo italala ndani. Inanuka sabuni ya magari. Usiifue.

Nilipoiomba aliivua hapo hapo, akatoa vitu kwa mifuko, akaikunja vizuri. Akasema, "Mwambie Barasa asiniwekee kakitu ka kudanganya wazee. Aweke mlango ya kuingia mtu, na dirisha. Mimi nitalala hapo." Akarudi kwa hita yake na shati tu.

Nisalimie dada yangu wa mtaa wa Tena, mwambie dawa ya magoti ya huku ni bure tu, haisaidii. Nisalimie Mama Shantel, yule jirani wa mboga hapo chini ya ngazi, na baba yenu mdogo, mwambie shemeji yake hajasahau ile kicheko. Jenga, baba. Anza na ya ndugu yako.

Ni mimi mama yenu, wewe na yeye,
Nasimiyu