Hita ya Nyumba ya Ziwani

Rantasalmi, 14 Oktoba

Kaka Jarkko,

Salamu nitakupa baadaye. Jumamosi nilikwenda kuifunga nyumba ya ziwani kabla ya baridi, kama kila mwaka. Gati la mbao linaloelea nimelivuta nchi kavu, maji nimeyatoa kwenye mabomba, friji nimeiacha wazi isiote ukungu.

Wiki nzima umejigamba kwamba unaokoa umeme. "Hita ya kupasha nyumba joto inajiwasha yenyewe, nami naizima kwa simu nikiwa hapa hapa Helsinki." Haikujiwasha, Jarkko. Baba ndiye aliyekuwa akiiwasha. Tangu mama afariki hapati usingizi nyumbani kwake, basi akaenda kule bila kumwambia mtu. Nilimkuta kitandani amevaa koti na kofia ya manyoya.

"Hita imeharibika, mwanangu," akaniambia. "Kila nikiiwasha inazimika."

Mita ya umeme ya nyumba ya ziwani unaisoma kwa simu kila asubuhi. Baba ulimpigia lini mara ya mwisho? Usinijibu mimi.

Sasa yuko kwangu. Sijamwambia ni nani aliyekuwa akiizima. Ameniagiza nikuombe radhi kwa umeme alioutumia.

Dada yako,
Tuula