Ukanda wa Mashine ya Kanazi

Kanazi, Bukoba
14 Julai 1951

Dada yangu mpendwa Kokuberwa,

Salamu nyingi zikufikie huko Muleba. Hujambo? Watoto je, kikohozi kimewaacha? Mimi mwili mzima, ila moyo hautulii. Kwa kuwa hukusoma, mwambie anayekusomea asome polepole, asiruke neno.

Kahawa mwaka huu ni nyingi, na mashine ya kukoboa inatusumbua vilevile. Unakumbuka mumeo Lameki alivyofukuzwa mwezi wa tano kwa ajili ya ule ukanda wa ngozi unaozungusha mashine. Unakwenda vizuri saa nyingi, kisha ghafla unaruka na kupigapiga, kisha kimya. Mwisho ukakatika, ikabidi uungwe. Watu walisema Lameki anaulegeza, maana kila ukiruka yeye yupo kando na kopo lake la mafuta. Lisemwalo lipo, nikasema.

Waitu, dada yangu, Lameki kaondoka na ukanda bado unaruka! Nikamshuku Clavery aliyeshika nafasi yake. Nikamshuku hata mlinzi. Unanijua, siamini hata kivuli changu. Wiki hii, kwa unyapara wangu, nikawatoa wote nje, nikafunga mlango, nikakaa na mashine peke yangu kutwa nzima.

Asubuhi ngozi ina unyevu wa umande, imelegea. Jua likipanda inakauka na kukaza polepole. Ilipofika saa nne, ikiwa katikati ya kulegea na kukaza, bila kuguswa na mtu, ikaanza kuruka. Ilipokaza zaidi ikatulia. Jioni ukungu ukaingia, ikalegea, ikaruka tena. Siku nne mfululizo, hivyo hivyo. Kumbe ni jua na ukungu tu, na nyakati hizo mbili ndizo Lameki alizokuwa akitia mafuta.

Sasa sizunguki tena. Najua anayekusomea ni Lameki mwenyewe. Shemeji, mimi ndiye niliyemwambia msimamizi Kagaruki kwamba nilikuona kwa macho yangu ukiulegeza ukanda. Sikuona kitu. Nilishuku tu, nikaona aibu kusema nashuku.

Jumatatu tarehe 23 nitayasema haya kwa Kagaruki mbele ya wafanyakazi wote. Njoo usikie. Akinifukuza, nastahili.

Wabusu watoto. Na hata sasa nashuku, shemeji, kwamba umenyamaza hapo juu na dada anakuuliza kuna nini. Rudi nyuma umsomee yote.

Ndimi ndugu yenu niliyewakosea,
Rugambwa