Tumba la kwanza la Jarmila

Luboš, ishike hii tarehe: Jumanne, nane Aprili. Wameliua ua la marehemu mke wangu, Jarmila.

Nimetoka hospitali na goti langu hili, nikaenda moja kwa moja makaburini. Yale mawe niliyoyapanga wima juu ya kaburi lake ili maua yake yaote katikati, siyaoni! Wamefukia kila kitu kwa udongo mweusi na samadi. Samadi, Luboš! Halafu wakamwagilia maji wiki mbili nzima nilizolazwa.

Maua ya mlimani hayo, yanayoishi kwenye nyufa kwa changarawe na umande!

Nikamvaa yule mama msimamizi wa makaburi. Eti, "Mzee Vlastimil, vimimea vyako vilikuwa vinakufa njaa. Wewe ungekubali kulala juu ya mawe? Tumevilisha vipendeze Pasaka." Na anangoja nimshukuru! Kasoma shule zote zile, samadi!

Nimefukua kwa vidole. Kile cha mbegu aliyoipata Jarmila mwenyewe, alipochanganya chavua ya maua mawili kwa brashi, kimeoza. Miaka sita tumekingoja. Yeye akaondoka, mimi nikaendelea kungoja. Na kilikuwa na tumba, ndugu yangu, dogo kama kichwa cha kiberiti. Siku ya kulazwa nilimwambia pale kaburini, "Bado kidogo, mama."

Limepondeka mkononi mwangu kama uji.

Yeye alishikilia kwamba ua litakuwa la manjano. Mimi nilimbishia mpaka wodini alikofia kwamba litakuwa la waridi.

Sasa nani ataniambia lilikuwa la rangi gani?